Nafasi ya Jina Fupi

"Fundi, nani kafa?"

Mwanvita hakugeuka. Alikuwa juu ya ngazi, kitambaa begani, akikwangua kwa ukucha tone la rangi nyekundu lililokaukia mahali pasipotakiwa. Sauti aliijua. Ni Luqmani, dereva wa bodaboda, ambaye kijiwe chao kiko chini ya ukuta huu huu.

"Hajafa mtu."

"Hajafa mtu, na wazee wote hawa wamekuja kumzika nani? Hebu geuka. Wamekaa kama wako matangani."

Akageuka. Kwenye ukingo wa mtaro, upande wa pili wa barabara, walikuwa wamekaa watu kama tisa. Vikongwe wawili wamejifunga kanga mbili mbili kwa baridi waliyoshuka nayo kutoka milimani. Mzee mmoja amepakata mfuko wa nailoni wenye karatasi ndani, ameufumbata kama mtu aliyebeba mayai. Wote walikuwa wakiutazama ukuta. Ndiyo kwanza saa moja asubuhi, na Uluguru nyuma yao ilikuwa bado imejifunika ukungu mpaka kiunoni.

Mwanvita akarudisha macho kwenye kazi yake. Herufi zenye urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi kidole, nyekundu, juu ya kiwambo cheupe cha rangi alichokipaka ukutani yeye mwenyewe:

WIKI YA KITAIFA YA WASIA
KILA MTU ANA LA KUSEMA. NJOO, TUSIKIE.

Alizimaliza jana jioni, na zilisimama vizuri. Hakuna iliyolegea. Hata hivyo mguu wake wa kushoto ulikuwa ukitikisika juu ya kidaraja cha ngazi, wenyewe tu, kama ulivyotikisika usiku kucha kitandani.

Karatasi ya kazi aliletewa Jumatatu na kaka Geofrey, mratibu wa kampeni, kijana mrefu anayevaa koti jeusi hata jua la saa saba. Alimweleza harakaharaka huku simu ikiita: huu ni ukuta wa majaribio. Ukipendeza, kuna kuta nyingine sita, mpaka Kingolwira. Usipopendeza, wenzake ofisini wanataka mashine. Mashine yenyewe Mwanvita aliijua. Ilikuja mjini miaka miwili iliyopita, inatema turubai zilizoandikwa tayari, rangi kumi, na picha za watu wanaocheka. Tangu ije, mafundi wa brashi Mwembesongo nzima wamebaki wawili, na mmoja sasa anauza mkaa. Kuta sita ni msimu mzima wa kazi. Bila hizo, atapanda mlimani, Towelo, kwa mjomba wake akashike jembe, na brashi zitakauka kwenye kopo.

Kwenye karatasi ile palikuwa na neno lililomkwaza. INSIA. Aligeuza karatasi, akaisoma kwa mbali, akaisoma kwa karibu. Insha analijua, waliandika insha darasa la sita, "Siku Nisiyoisahau." Lakini insha haiwezi kupewa wiki ya taifa zima. Akaona wazi kilichotokea: mtu kachapa kwa haraka, vidole vikateleza. Walitaka kuandika wasia. Kila mtu ana la kusema, njoo tusikie. Ingekuwa nini kingine?

Mwanvita aliishia darasa la saba, lakini Mwembesongo nzima ilikuwa imepita chini ya brashi yake ikanyooshwa. Mwenye bucha alimletea NYAMA YA GOMBE, akamwandikia ya ng'ombe, na ile alama ya king'ong'o akaitundika juu vizuri kama kofia. Vioo vya saluni aliviandika kwa ndani, herufi zikitembea kinyumenyume ili zisomeke nje, mpaka macho yake yakazoea. Maandishi ya kinyume aliyasoma upesi kama ya kawaida. Hakuna mteja aliyewahi kurudi kulalamika. Namba ya simu ya Geofrey ilikuwa chini ya karatasi, na aliitazama mara mbili. Ila anayepiga simu kuuliza neno ni mtu asiyelijua. Na mashine haipigi simu.

Kwa hiyo akasahihisha.

"Mjukuu wangu." Kikongwe mmoja alikuwa amevuka barabara. Mwembamba, miguu imepauka kwa vumbi la mlimani, ungo mtupu mkononi. "Hao waandishi wanafika saa ngapi?"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wanafika saa ngapi?"

"Waandishi gani, bibi?"

"Wa wasia. Nilikuwa sokoni nauza ndizi, nikaambiwa serikali imekuja kusikiliza watu wasia wao, imeandikwa ukutani. Mimi kusoma sijui. Umeandika wewe?"

"Nimeandika mimi."

"Basi unajua."

Chini, Luqmani alikuwa anacheka kimyakimya, kidevu juu ya usukani wa pikipiki.

*

Geofrey aliteremka kwenye bodaboda saa mbili na nusu, akilipa huku anaangalia simu. Alipoinua macho, mkono wake ulibaki hewani na chenji ndani.

"Dada Mwanvita."

"Abee."

"Shuka."

Akashuka. Geofrey alisoma ukuta, midomo ikichezacheza, kisha akawatazama watu kwenye mtaro ambao sasa walikuwa wamefika kumi na tano.

"Hilo neno umelitoa wapi?"

"Lilikosewa kwenye karatasi. Nikalinyoosha."

"Halikukosewa!" Akashika kichwa. "Ni insia. In-si-a. Mgeni rasmi anapita hapa saa nne kwenda Mazimbu kuzindua wiki ya taifa. Ya insia! Atapita anasoma kwamba tunazindua wiki ya kugawana urithi!"

"Leo msahihishaji kasahihishwa," Luqmani akasema pembeni, akiwaambia wenzake. "Profesa kaula wa chuya."

"Insia ndiyo nini?" Mwanvita aliuliza. Sauti yake ilitoka ndogo kuliko alivyotaka.

"Ni..." Geofrey akavuta pumzi, kama mtu anayetafuta mlango ndani ya nyumba yake. "Ni lugha, historia, fasihi, falsafa. Elimu zote zinazomhusu mtu kama mtu. Watu wanaona hazina faida, wanataka watoto wote wakasome kompyuta. Ndiyo maana tunafanya kampeni, tuwaeleze. Neno lenyewe limetokana na insi. Binadamu."

"Insi na majini," Mwanvita akasema.

"Eeh. Hao hao insi."

Masikio yakamwaka. Madrasa, akiwa na miaka sita, alikaa kwenye mkeka akiimba insi na majini mpaka koo likauke. Nusu ya neno lile alikuwa nayo miaka yote, kifuani mwake, na hakuitambua ilipokuja imevaa nguo nyingine.

"Mbona hukuniambia siku ile?"

"Mbona hukuuliza?"

Geofrey akaangalia saa. "Wenzangu walisema. Walisema tuchapishe, mashine haikosei."

"Mashine inaandika unachoipa."

"Ndiyo hicho nilichotaka, dada! Uandike nilichokupa!"

Mwanvita akautazama ukuta. Wasia. Insia. Herufi tano, na tano. Mbili za mwanzo tu ndizo zilizokosana. Tatu za mwisho zilikuwa zile zile, zimetulia mahali pake hazina habari.

"Nibadilishe mbili," akasema. "Saa nne haijafika."

"Nyekundu hiyo ya mafuta. Itafutika?"

"Haifutiki. Inafunikwa."

"Haitatokea?"

Hapo angeweza kudanganya. "Itachungulia. Nyekundu ukiifunika haraka inachungulia. Lakini siyo leo saa nne. Labda jioni."

Geofrey alipitisha kiganja usoni. "Fanya. Halafu hizo kuta nyingine tutaongea."

Tutaongea. Mwanvita alilijua hilo neno, halikuhitaji kunyooshwa.

*

Alipaka nyeupe juu ya W na A, tabaka la kwanza, jepesi, brashi ikienda upande mmoja tu ili isikoroge ya chini. Jua lilikuwa limepanda, litasaidia. Nyuma yake alimsikia Geofrey akizungumza na wazee.

"Wazazi wangu, shikamooni. Samahani sana, kumetokea makosa ya uandishi. Hii siyo wiki ya wasia. Mambo ya wasia muoneni mwanasheria, au mtendaji wa kata."

"Mtendaji ndiye aliyetuleta huku," mzee wa mfuko wa nailoni akasema.

"Kwa hiyo hamsikilizi?" sauti nyingine ikauliza. "Mbona hapo chini imeandikwa mtasikia? Au na yenyewe imekosewa?"

Bodaboda wote wakacheka. Geofrey akajaribu kueleza, elimu, utu, taifa, na kila alivyoeleza watu waliinuka wakajikung'uta nguo. Waliondoka wawili wawili, wakinung'unika, bila kutazama nyuma. Mzee alipita chini ya ngazi, mfuko wake bado ameufumbata vile vile.

Kikongwe wa ungo hakuondoka. Alikuja akasimama usawa wa miguu ya Mwanvita.

"Umekosea nini, mjukuu wangu?"

"Neno, bibi. Moja."

"Mimi pia." Akaweka ungo chini, akaukalia. "Naitwa Martina. Sisi ni wa kule juu, unapita Towelo, unapandisha tena. Shamba letu ni la lukolo, la upande wa mama, linashuka kwa wanawake. Hakuna karatasi. Karatasi ni majina. Unayataja kuanzia aliyefika kwanza mpaka wewe, na alichofanya kila mmoja. Anayeweza kuyataja bila kujikwaa, shamba ni lake, na ndugu wote wanakaa kimya. Mama yangu alinipa mimi. Nilikuwa nayo sita. Msimu wa maharage nikaamka asubuhi, nikataja, yakatoka matano."

Mwanvita aliacha kupaka.

"Moja limeanguka," bibi akasema. "Nimelitafuta jikoni, nimelitafuta njiani. Nisipofanya haraka mengine yatalifuata. Binti yangu yuko Dar, anasema mama, nitumie kwa simu. Simu utaitajia jina la mtu aliyekufa? Ndiyo nikasema nije kwa waandishi."

Tabaka la kwanza lilihitaji kukauka. Nusu saa, pungufu kidogo kwa jua hili. Mwanvita aliangalia barabara, akamwangalia Geofrey aliyekuwa mbali akizunguka na simu sikioni, hatua nne huku, hatua nne kule. Kukaa tu hakuweza. Mikono ilikuwa inamwasha. Akateremka. Chini ya kiwambo cheupe ukuta ulikuwa saruji tupu, ya kijivu, na mfukoni mwake kulikuwa na chaki.

"Taja, bibi."

"Wa kwanza Mkami. Alikuja na mbegu ya magimbi kwenye nywele, wakati wa njaa, akapanda pale maji yanapotoka."

Akaandika MKAMI, usawa wa macho yake, herufi za kusimama. Mkono wake ulikuwa hauwezi kuandika ovyo hata kwa chaki.

"Chausiku. Huyo alizaa pacha, wakamwambia atupe mmoja, akakataa, akahamia na wote wawili kwenye shamba lake peke yake miaka mitatu mpaka ndugu wakaja kumwomba radhi."

CHAUSIKU.

"Halafu..." Vidole vya Bibi Martina vilikuwa vikipapasa goti, kimoja, kimoja. "Huyu ndiye. Huyu alichimba mfereji. Kutoka kwenye jiwe mpaka shambani, kwa jembe bovu, na mimba tumboni. Mpaka leo tunakunywa maji yake. Uso wake mama alinisimulia, kovu hapa. Kila kitu ninacho. Jina ndilo sina."

Mwanvita alikuwa amezoea wateja wa namna zote, wanaobadilisha rangi, wanaoongeza maneno kazi ikiwa imeisha. Huyu hakuwahi kumpata. Akafikiri kama fundi.

"Lilikuwa refu au fupi?"

"Eh?"

"Jina. Mdomoni. Refu kama Chausiku au fupi?"

Bibi akafumba macho. Midomo ikapima kitu ambacho hakikuwepo. "Fupi," akasema polepole. "Fupi kuliko Mkami. Mama alikuwa analitaja na kumeza."

Mwanvita akapima kwa vidole: herufi nne, labda tatu na nafasi ya kupumua. Akaikandamiza chaki, akaweka alama ndogo kushoto, na nyingine kulia. Katikati akaacha saruji. Kisha akashuka mstari unaofuata.

"Baada yake?"

"Sikudhani. Huyo Wajerumani..."

"Dada Mwanvita!" Geofrey alikuwa anakuja mbio, koti linapepea. "Wametoka Boma! Wametoka, wako njiani!"

*

Aliandika I kwa mvuto mmoja. N ilimchukua mitatu, na mguu wake ulitulia kabisa, kama siku zote brashi inapogusa ukuta. Aliposhuka, neno lilisimama pale kama vile halijawahi kuwa jingine. INSIA. Ukijua pa kutazama, karibu na mguu wa I, weupe ulikuwa na joto kidogo, kama shavu la mtu aliyeambiwa jambo.

Geofrey alipumua. "Limekaa. Kweli limekaa." Kisha macho yakashuka. "Na haya nini?"

Chini ya kiwambo sasa palikuwa na mistari sita. Mwanvita alikuwa amemaliziamalizia huku rangi ikishika: SIKUDHANI, ZAMOYONI, na chini kabisa, MARTINA.

"Ni majina."

"Majina ya nani?"

"Ya kwetu," bibi akasema kutoka kwenye ungo wake.

"Futa. Dada, futa upesi, ukuta uwe safi. Watadhani wahuni wamechorachora."

Mwanvita akachovya kitambaa kwenye kopo la maji, akakikamua. Alianza na mbali, kwenye michirizi ya rangi iliyodondoka, akaifuta. Akafuta vipimo vya chaki vya herufi kubwa za juu. Akasogea. Bibi Martina hakuwa akiyatazama majina, kwa sababu kwake yalikuwa michoro tu. Alikuwa akikitazama kitambaa.

Kilifika kwenye K ya Mkami, kikasimama. Kuta sita. Mpaka Kingolwira. Maji yalimdondoka kwenye kifundo cha mkono, yakashuka mpaka kwenye kiwiko.

"Unangoja nini?" Geofrey akasema.

"Hapa pana moja halijapatikana," Mwanvita akajibu. "Nikifuta sitajua nafasi yake ilikuwa wapi."

"Nafasi ya nini?"

"Ya jina. Fupi."

King'ora kikasikika kwenye kona. Geofrey alimtazama, akautazama ule mstari mtupu wenye alama mbili, na kwa kitambo kidogo uso wake ukawa wa mtu anayetaka kuuliza swali. Halafu pikipiki ya polisi ikatokeza. Hakukuwa na muda wa swali wala wa kitambaa. Geofrey akageuka, akajibandika ukutani juu ya majina, mgongo wote, mikono nyuma, akatabasamu.

Magari yalikuwa matatu. La kati lilipunguza mwendo. Kioo kilishuka nusu, uso wa mwanamama mwenye kilemba ukasoma ukuta, na mkono ukapunga. Geofrey akapunga, bado amejibana kama mtu anayezuia mlango usifunguke. Kioo kikapanda. Vumbi likabaki.

"Kasoma!" Geofrey akaruka barabarani. "Kasoma lote! Luqmani, washa, nipeleke Mazimbu, nitachelewa ukumbini. Mimi ndiye ninayewakaribisha jukwaani!" Akamgeukia Mwanvita, kidole juu. "Nitakupigia jioni. Kuhusu zile kuta. Nitaona wenzangu watasemaje."

Akapanda pikipiki. Ndipo Mwanvita alipouona mgongo wake.

Chaki yote ilikuwa imehamia kwenye koti jeusi. Nyeupe, kavu, mistari mmoja chini ya mwingine, kutoka mabegani mpaka kiunoni, herufi zote zimegeuka nyuma mbele. Luqmani aliona kwenye macho ya wenzake kwamba pana jambo, kabla hajaelewa ni nini. Mmoja wao alikuwa ameziba mdomo kwa kofia ya chuma. Kitambaa kilikuwa mkononi mwa Mwanvita, kimelowa. Hatua tano. Angeita tu, kaka Geofrey, koti, angefuta mara mbili na Geofrey angemshukuru, na mtu aliyeshukuru jioni hupiga simu kweli.

Injini ikanguruma. Mwanvita alifungua mdomo.

Pikipiki ikaondoka.

"Amekwenda nayo?" Bibi Martina aliuliza. Alikuwa amesimama, kiganja juu ya macho.

"Amekwenda nayo."

"Yote?"

Mwanvita alitazama ukutani. Majina yalikuwa yamefifia, yamepakaana, Mkami amebaki nusu. Alama mbili za chaki tu ndizo zilizokuwa bado kali, kila moja mahali pake. Akageukia barabara. Koti lilikuwa likipungua kuelekea Mazimbu, na kwa macho yake yaliyozoea vioo vya saluni, lilisomeka.

"Nisomee," bibi akasema.

"Mkami," Mwanvita akasoma. "Chausiku." Kisha akanyamaza kwa muda ambao jina fupi lingechukua, na kando yake akasikia midomo ya kikongwe ikigusana, ikiachana, ikigusana tena.